Ghala la Kalunguyeye

Mvua ya kwanza ya Novemba ikishapita Tabora, usiku unaofuata hauna usingizi. Hapa mtaani kwetu Chemchem taa za barazani huzingirwa na kumbikumbi, watoto huweka beseni la maji chini ya taa, na kabla ya saa tatu beseni limejaa, mbawa zinaelea juu kama makapi. Usiku mmoja wa namna hiyo nilikuwa nimekaa kizingitini, nikasikia pumzi fupifupi za kunusa nyuma ya ndoo. Nikateremsha tochi. Alikuwa kalunguyeye, mnene kama embe dodo, miiba imelala, pua yenye unyevu ikipapasa sakafu. Aliokota kumbikumbi walioanguka nje ya beseni, mmoja mmoja, akiwatafuna kwa sauti kavu kama ya bisi mdomoni. Bawa moja lilimganda shavuni, hakushughulika nalo. Alikula, akala, akala tena, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuyumba na kupotea chini ya ua wa minyaa.

Mjukuu wangu, aliyekuwa amebana pumzi nyuma ya bega langu, ndipo akauliza: "Babu, tumwekee wengine kwenye kopo, ili hawa wakiisha awe na vyake?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Kumpa mtu chakula ni rahisi. Kumwekea akiba ni kazi nyingine."

Usiku ule sikuwa na jibu zaidi ya hilo. Nimelitafuta tangu hapo, kwa sababu swali la mtoto lilibeba maswali manne: mnyama huyu ni wa kufugwa? Mdudu anampa nini, na anamnyima nini? Mdudu anahifadhiwaje asigeuke sumu? Na kitoweo hicho kiwe kiasi gani? Nje ya nchi maswali haya ni ya kila siku, kwa kuwa maelfu ya watu wanalala na kalunguyeye ndani ya nyumba na wanawanunulia wadudu wa kopo. Sisi tunaoishi naye uani hatujayajadili sana. Nadhani majibu yake yako huku kwetu zaidi kuliko huko, na yanaanzia kwenye misimu yetu miwili.

Mnyama wa uani, mnyama wa kizimba

Kalunguyeye si nungunungu. Nungunungu ni panya mkubwa wa porini mwenye miiba mirefu inayong'oka, mharibifu wa mihogo na mahindi. Kalunguyeye ni mdogo, uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 250 na 600, miiba yake ni mifupi na haichomoki ovyo, na akitishwa hujikunja akawa mpira usio na mlango. Aina tuliyonayo wataalamu wanaiita Atelerix albiventris. Miguu yake ya nyuma ina vidole vinne, na eneo lake ni ukanda mrefu unaoanzia Senegal, unapita Sudan na Ethiopia, unashuka Kenya na Tanzania hadi karibu na mto Zambezi. Ni mtu wa usiku. Anakula mbawakawa, mchwa, panzi, viwavi, nyungunyungu, konokono, mayai, mijusi midogo, na mara mojamoja tunda lililoanguka. Shamba lenye kalunguyeye lina mlinzi asiyedai mshahara.

Huyuhuyu ndiye anayefugwa Marekani, Ulaya na Japani. Biashara hiyo ilishamiri mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, pale kalunguyeye wengi waliposafirishwa kutoka Afrika, hasa Nigeria. Kisha Marekani ikafunga mlango kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na tangu hapo wanaouzwa kule ni wazao wa wale wa mwanzo. Hata hivyo si kila mahali wanakubaliwa: majimbo ya California na Hawaii yanakataza kabisa kumfuga.

Kwetu hali ni nyingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inamweka mnyamapori mikononi mwa umma, na kumshika au kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama aliingia mwenyewe getini. Mwaka 2016 serikali ilisitisha pia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa hiyo mtu wa Tabora anayemkuta kalunguyeye jikoni hajaokota paka. Amepata mgeni mwenye sheria yake, na hata akimkuta amejeruhiwa, njia sahihi ni kuwaita maofisa wa wanyamapori wa wilaya.

Nayasema haya mwanzoni ili neno "kufuga" lisituchanganye. Mjadala wa kuhifadhi wadudu unawahusu watu wa aina tatu: mfugaji wa ughaibuni, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi huko na kuwanunulia watoto wao mnyama huyu, mtu mwenye kibali anayemtunza majeruhi, na sisi ambao kalunguyeye anapita tu uani kwetu. Kila mmoja ana jibu lake, lakini wote wanahitaji kuelewa jambo moja kuhusu mwili wa mnyama huyu.

Akiba iliyo chini ya ngozi

Tabora ina masika moja na kiangazi kimoja. Mvua huanza Novemba, huisha Aprili au Mei, na baada ya hapo ardhi hukauka mpaka nyasi zinavunjika mkononi. Binadamu wa hapa amejibu hali hiyo kwa ghala. Mji wenyewe ulikua kwa sababu hiyo. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, walikuta kituo cha misafara kati ya pwani na Ujiji, mahali ambapo wapagazi walipumzika, bidhaa zikawekwa, na chakula kikakusanywa kabla ya safari kuendelea. Msafara usio na akiba ulikuwa umeshakufa kabla haujaondoka.

Kalunguyeye naye ana ghala, ila amelibeba. Masika wadudu wanapofurika anakula kuliko mahitaji ya siku, na ziada inageuka mafuta chini ya ngozi. Kiangazi kikibana, wadudu wakazama ardhini, anapunguza mwendo. Hulala siku nyingi ndani ya shimo au chini ya lundo la majani, mwili umepoa, moyo unapiga taratibu, na anaishi kwa ile akiba. Ndiyo maana kwetu unamwona sana kuanzia Novemba, na ifikapo Julai ni kama amehama mji.

Ukilielewa hilo, unaelewa pia kwa nini alikula vile barazani kwangu. Haukuwa ulafi. Alikuwa anapakia mzigo wa kiangazi. Kumbikumbi ni wa kupakiwa hasa: ni mchwa waliokomaa wanaotoka kichuguuni kwenda kuanzisha vichuguu vipya, na mwili wao umesheheni mafuta ya kuanzia maisha. Ukiwakausha, karibu nusu ya uzito wao inaweza kuwa mafuta, na gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya maradufu ya gramu moja ya protini. Senene, wale panzi wa kuliwa wa Bukoba, nao hawako mbali na hapo.

Sasa mweke mnyama huyu kwenye kizimba. Mfugaji wa Ulaya anaambiwa, na ni ushauri mzuri, kwamba chumba kiwe na joto la takribani nyuzi 24 hadi 29, kwa kuwa kalunguyeye wa kizimba akipigwa na baridi hujaribu kulala ule usingizi mrefu, na anaweza kufa humo. Chumba kikiwa na joto mwaka mzima na bakuli likijazwa kila jioni, kiangazi kimefutwa. Kilichobaki ni Novemba isiyoisha. Mwili unaendelea kupakia mzigo wa safari ambayo haitafanyika.

Matokeo yake madaktari wa mifugo wa huko wanayafahamu vizuri. Kalunguyeye wa kizimba hunenepa kupita kiasi, ini huvamiwa na mafuta, na mwisho anashindwa hata kujikunja: anajaribu kuwa mpira, lakini mikunjo ya mafuta ya kwapani na kidevuni inabaki nje. Mnyama ambaye silaha yake pekee ni kujifunga amepoteza kufuli. Hakupewa sumu. Alipewa kitoweo kizuri bila msimu.

Mdudu anatoa nini, ananyima nini

Mdudu ni chakula cha haki kwa kalunguyeye. Ana protini nyingi, na gamba lake gumu huwa kama makapi yanayosaidia tumbo na kumpa mnyama kazi ya kutafuna. Kuna faida nyingine isiyopimika kwa mizani: kumtafuta mdudu kunamfanya anuse, afukue, akimbie. Kizimbani hiyo ndiyo sehemu ya porini inayobaki.

Upungufu uko kwenye mifupa. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mwili wa mnyama mwenye mifupa unahitaji kalsiamu angalau sawa na fosforasi au zaidi, lakini nyenje na mabuu ya mende wa unga, wanaouzwa kwa wingi kama kitoweo, wana fosforasi mara nyingi zaidi ya kalsiamu. Mnyama akila hao tu, mwili hulazimika kuchota kalsiamu kutoka mifupani mwake. Mifupa hulegea, miguu hupinda, na maumivu huja kimya.

Uingereza wamelipata funzo hili kwa kalunguyeye wao wa bustanini, ambaye ni wa aina nyingine lakini mwenye mwili unaofanana. Chama cha British Hedgehog Preservation Society, kilichoanzishwa mwaka 1982, kimekuwa kikiwasihi watu waache kuweka bakuli la mabuu makavu, karanga na mbegu za alizeti, kwa sababu vyakula hivi vinapendwa mno na vinaharibu mifupa. Wanakataza pia mkate na maziwa. Mkate hauna cha kumpa, na maziwa ya ng'ombe humharisha. Nawajua watu wema wa hapa mjini ambao wangeanza na maziwa, kwa kuwa ndiyo tunayompa paka.

Porini kasoro ya mdudu hujazwa na mchanganyiko wa chakula: gamba la konokono, mifupa ya mjusi, ganda la yai, na udongo uliomo tumboni mwa mawindo. Kizimbani ni lazima mtu aijaze. Njia ya kwanza ni kumlisha mdudu kabla hajaliwa. Nyenje aliyekaa siku moja au mbili akila majani ya maboga, karoti na pumba safi ni chakula tofauti na nyenje aliyekaa na njaa ndani ya boksi, kwa maana kalunguyeye anakula pia kilichomo tumboni mwa nyenje. Njia ya pili ni unga wa ganda la yai: lichemshe, likaushe, lisage laini kama poda, kisha mtikise mdudu ndani yake.

Njia ya tatu ni kuchagua mdudu. Inzi askari mweusi, ambaye mabuu yake yanafugwa siku hizi Tanzania na Kenya kwa mabaki ya chakula ili kulishia kuku na samaki, ana sifa ya pekee: funza wake huweka chokaa kwenye ngozi, hivyo kalsiamu yake inazidi fosforasi. Nairobi, kituo cha icipe kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo kimefanya kazi kubwa juu ya wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza aina mpya ya nyenje wa kufugwa kutoka Kenya, wakaiita Scapsipedus icipe kwa heshima ya kituo hicho. Elimu ya kulisha kwa wadudu si mali ya Ulaya peke yake. Iko jirani, na tunaweza kuichota.

Akiba haiozi, lakini hii inaoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa na mtama akilini. Mdudu ni nyama, na anaoza haraka kuliko nyama ya buchani kwa sababu hachinjwi wala kusafishwa: tumbo lake linabaki ndani pamoja na bakteria wake. Senene mbichi hawamalizi hata siku mbili nje ya friji kabla hawajabadilika harufu. Ndiyo maana Bukoba na Masaka wakishavuliwa kwa taa kali na mabati, kazi ya kunyofoa mbawa na miguu na kuwapitisha motoni hufanyika usiku huohuo. Hakuna anayesema "kesho".

Njia za kuwahifadhi ni tatu, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kuwaweka hai. Nyenje wanahitaji boksi lenye hewa na wavu, trei za mayai za kujifichia, pumba, na kipande cha karoti au tango badala ya bakuli la maji, maana huzama. Aliyekufa atolewe siku hiyohiyo, la sivyo boksi litanuka na wengine watafuata. Mabuu ya mende wa unga wanavumilia ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10, hudumaa bila kufa, hivyo friji inaongeza wiki kadhaa. Nyenje hawawezi hilo. Na Tabora adui mkubwa ni siafu na sisimizi. Hapo wafuga nyuki wetu wana jibu la zamani: nguzo inayobeba mzinga hupakwa grisi au oili chafu ili mdudu asipande. Meza ya boksi la nyenje ikisimama miguu yake ndani ya makopo ya maji yenye mafuta kidogo juu, inalindwa kwa akili ileile. Mji wenye chuo cha ufugaji nyuki hauanzi sifuri katika kutunza wadudu.

Ya pili ni kuwagandisha. Ni njia safi, ila inategemea umeme usiokatika. Wadudu walioyeyuka na kuganda tena ni wa kutupa.

Ya tatu, ambayo ndiyo yetu, ni kuwakausha. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza kumbikumbi kwa kopo sokoni, alinionyesha hatua zake asubuhi moja. Kikaango kikavu jikoni, moto mdogo, kumbikumbi wakaingia bila tone la mafuta. Baada ya dakika chache walianza kung'aa, mafuta yao wenyewe yakijitokeza. Akawageuza kwa mwiko mpaka mlio ukabadilika kutoka wa majimaji ukawa wa kukwaruza. Akawamwaga kwenye mkeka juani, jioni akawapepeta kwa ungo, mbawa zikaruka na upepo. Hakutia chumvi mpaka wakati wa kula. "Chumvi inavuta unyevu," alisema, "ukitia mapema wanalowa." Kwa kalunguyeye hilo ni bahati, kwa kuwa chumvi, pilipili na mafuta ya kukaangia havimfai hata kidogo.

Kisha akachukua mmoja akamvunja kwa kucha karibu na sikio langu. Alilia "ka". "Asiyelia, mrudishe juani." Huo ndio mtihani wa kwanza. Wa pili ni wa pua. Mdudu mwenye mafuta mengi hata akikauka vizuri, mafuta yake huchacha kwa joto, mwanga na hewa. Harufu huanza kuwa kama ya mafuta ya taa au rangi ya ukuta, na ladha inakereketa. Akifikia hapo hafai kwa mtu wala mnyama. Kopo liwe kavu, la giza, sehemu ya ubaridi, na lichukue kiasi cha kumalizwa kabla ya miezi mingi kupita.

Mtego wa njia hii ni haraka. Mtu anapata kumbikumbi wabichi au wa nusu kukauka, anawafunga kwenye mfuko wa plastiki, anafunga fundo, anasafiri nao. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya mkurupuko wa botulizimu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Vijidudu vya ugonjwa huo huishi udongoni, na kumbikumbi ni mtoto wa udongo. Vikipata unyevu, joto na mahali pasipo hewa, hutengeneza sumu inayopooza misuli hadi ya kupumulia. Mfuko uliofungwa ni nyumba viliyojengewa. Yeyote anayewatumia ndugu zake wa mbali kifurushi cha kumbikumbi au senene, wawe wa kuliwa na watoto au na kalunguyeye wao, akumbuke fundo hilo. Kausha mpaka walie, ndipo ufunge.

Hatari nyingine mbili

Dawa ya wadudu ndiyo ya kwanza. Mende aliyelala chali jikoni baada ya kupulizia si kitoweo, ni dawa iliyovaa mbawa. Hali ni hiyo pia kwa panzi wa shamba lililopigwa dawa, na mkoa wetu wa tumbaku una mashamba ya namna hiyo mengi. Nzige wa jangwani walipoivamia Afrika Mashariki mwaka 2020 na kunyunyiziwa dawa, watu walionywa wasiwale waliokufa wala kuwalisha kuku. Onyo hilo halina mwisho wa matumizi. Panzi wenye rangi kali na harufu mbaya, wanaokula majani ya sumu, nao waachwe. Mdudu wa kumpa mnyama ni yule uliyemfuga, au uliyemkamata mahali unapojua historia yake.

Ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Kalunguyeye anaweza kubeba salmonela bila kuugua. Kati ya mwaka 2011 na 2013 Marekani ilifuatilia mlipuko uliounganishwa na kalunguyeye wa kufugwa, na zaidi ya watu 20 waliugua. Wadudu nao wanaweza kuwa nayo. Kwa hiyo boksi la wadudu lisikae mezani pa chakula, bakuli la mnyama lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na mtoto anawe kwa sabuni kila anapomgusa. Kumbusu, hata akipendeza vipi, hapana.

Kiasi: kuwa msimu wake

Mnyama wa gramu 400 ni sehemu moja ya 150 ya mtu wa kilo 60. Kijiko cha chai cha kumbikumbi, tuseme gramu tano, kwake ni kama robo tatu ya kilo kwetu. Hesabu hii ndogo inatosha kumshtua mwenye mkono mwepesi.

Kwa anayefuga kihalali, chakula kikuu kiwe kile kilichotengenezwa kwa uwiano, chenye protini nyingi na mafuta ya wastani, na mdudu abaki kitoweo. Nyenje mmoja au wawili, au mabuu wachache wa kuhesabika kwa vidole, kwa siku, wanatosha. Wenye mafuta mengi kama kumbikumbi na senene wawe wa mara mojamoja. Wakavu waloweshwe kidogo, na maji safi yawepo daima. Wafichwe kwenye majani makavu badala ya kumwagwa kwenye bakuli, ili awatafute. Apimwe kwa mizani ya jikoni kila wiki na uzito uandikwe. Akiongezeka bila sababu, au akijikunja na kuacha kidevu nje, wadudu wasimame.

Kanuni iliyo nyuma ya hayo ni fupi. Porini kiangazi ndicho kinachompimia chakula. Ukimtoa porini umekiondoa kiangazi, na kazi yake imekuja kwako. Mfugaji anayejaza kopo la wadudu bila kujua lini alifunge amechukua nusu ya jukumu. Kumpenda mnyama huyu ni kuwa masika yake na kiangazi chake pia.

Na sisi wa Chemchem? Kwetu kiangazi kipo, hakihitaji kuigizwa. Kalunguyeye wa uani hahitaji kopo. Anahitaji ua wa minyaa usiochomwa, lundo la majani liachwe kwenye kona, moto wa kusafisha shamba uwashwe baada ya kuangalia chini ya takataka, shimo la choo lifunikwe asitumbukie, dawa ya kunyunyizia ipungue, na sahani ya maji iwekwe miezi ya ukame. Wadudu atawatafuta. Ukimzoesha bakuli, atakaa barazani usiku kucha, mbwa watamjua, na watoto wa mtaa watamgeuza mchezo.

Nilimpa mjukuu wangu jibu hilo kwa vipande vipande, miezi ile yote. Kumbikumbi tulikausha, kopo moja, tukala wenyewe kwa ugali, likaisha Januari. Julai iliyofuata, vumbi limetanda mpaka kwenye majani ya miembe, akaja kunikumbusha kwamba kalunguyeye haonekani tena. Alikuwa na huzuni, na nadhani alikuwa akinilaumu kidogo.

"Amekufa njaa, Babu?"

Nikamshika mkono mpaka kwenye ua wa minyaa, tukachuchumaa karibu na lundo la majani tuliloliacha. Hatukufukua. Nilimwambia kwamba huenda yumo humo au kwenye shimo la jirani, amelala, anakula kumbikumbi wa Novemba iliyopita kutoka kwenye ghala lake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka mvua irudi. Alilitazama lile lundo kwa muda mrefu. Kisha akaenda kujaza sahani ya maji, akaiweka karibu nalo, akarudi ndani kwa kunyata.